Maswali ya wasomaji: "Faili langu linafia njiani"

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, faili kubwa haliendi. Video za vipindi, skani za tenda, bekapu, kila mtu na mzigo wake. Nimechagua sita ambazo nadhani zitawagusa na wengine. Ila ombi moja kwanza, maana wengi mnaniandikia "fundi inagoma" basi, na kwa hilo peke yake sina pa kushika. Niambie faili lina ukubwa gani, limekatika kwenye asilimia ngapi, baada ya dakika ngapi, na ukirudia linakatika palepale au pengine. Ukinipa hayo manne mara nyingi jibu nalipata kabla hata sijaiona seva yako.

SWALI: Habari fundi. Nipo Morogoro, nimetengeneza mfumo wa chuo kidogo hapa ili walimu wapandishe video za vipindi. Nimeandika kwa PHP, mbele kuna nginx inayopokea maombi kwanza, na domeini nimeipitisha Cloudflare ile ya bure. Video ya MB 80 inapita vizuri tu, ya MB 700 haipiti kabisa. Nimeweka upload_max_filesize iwe 2G nikarestati seva, wapi! Nikipitia domeini napata kosa la 413. Nikiingia kwa IP ya seva moja kwa moja inasubiri weee halafu ukurasa unarudi mtupu kama vile sijatuma kitu, hakuna ero wala nini. Wiki mbili sasa silali.

JIBU: Pole sana mkuu, na umefanya vizuri kujaribu njia zote mbili maana umenirahisishia kazi. Wewe ni mtu wa Morogoro kwahiyo nitakuelezea kwa lori. Lori likitoka bandarini Dar kwenda Tunduma linapimwa Vigwaza, linapimwa Mikese, linapimwa Makambako, na kila mizani inapima kivyake haiulizi wenzake wamesemaje. Faili lako ni hivyohivyo. Wewe umeongea na mizani moja tu, upload_max_filesize, zile nyingine safari hii hujazigusa na ndio zinakurudisha.

Mizani ya kwanza kabisa ni Cloudflare, huduma inayokaa katikati ya mtu na seva yako. Akaunti ya bure hairuhusu ombi moja kubeba zaidi ya MB 100, na hiyo 413, yaani ombi ni kubwa mno, unayoiona kwenye domeini inatoka kwao, haifiki hata kwenye seva yako. Uhakika ni rahisi, fungua access.log ya nginx, daftari la kila ombi lililofika, dakika ileile uliyopata kosa, kama hakuna hata mstari mmoja wa ombi lako ujue limeuliwa kabla halijafika. Ukikuta mstari una 413 basi ni nginx yako wenyewe, na nginx ukiiacha ilivyokuja inaruhusu MB 1 tu, client_max_body_size. Wewe hiyo nadhani ulishaipandisha zamani ukasahau, isingekuwa hivyo hata ile ya MB 80 isingepita.

Sasa huo ukurasa mtupu. Huo ni wa PHP na umewatesa watu wengi sana. PHP ina namba mbili, upload_max_filesize ni ya faili moja na kawaida inakuja ikiwa 2M, halafu kuna post_max_size ambayo ni ya ombi zima na kawaida ni 8M. Ombi likizidi post_max_size PHP haikwambii kwamba umezidisha, inachofanya inatupa kila kitu, $_POST ya alichojaza mtu inakuwa tupu na $_FILES ya mafaili aliyotuma inakuwa tupu, kodi (code) yako inaendelea kama vile mtu kafungua fomu bila kujaza. Onyo linaandikwa kwenye logi ya seva basi, mwalimu aliyekaa anasubiri haoni kitu. Nina uhakika ukiangalia post_max_size yako utaikuta 100M au karibu na hapo. Na kwenye kodi yako weka ulinzi huu leo hii: kama ombi ni POST, na CONTENT_LENGTH, yaani ukubwa wa ombi, ni zaidi ya sifuri, na $_POST na $_FILES zote tupu, mwambie mtu kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba faili lake ni kubwa kuliko mfumo unavyoruhusu na utaje kiwango. Mtu ametoa bando lake kupandisha MB 700, ana haki ya kuambiwa kimetokea nini.

Kabla sijaendelea niwape wote kipimo ninachotumia mwenyewe. Faili likikatika kwenye ukubwa uleule kila mara, kuna kiwango mahali, kitafute kwenye kila mizani. Likikatika baada ya muda uleule kila mara, sekunde 30, sekunde 60, basi kuna saa mahali inahesabu, labda gunicorn, seva ya programu za Python, ambayo ikiachwa ilivyo inamuua mfanyakazi wake baada ya sekunde 30, labda proxy_read_timeout ya nginx ambayo ni sekunde 60 na yenyewe inakupa 504, yaani seva ya nyuma imechelewa kujibu. Likikatika popote tu, leo asilimia 20 kesho 71, acha seva, huo ni mtandao. Watu wanakimbilia kubadilisha namba kumi kwa mpigo kabla hawajajua ni lipi kati ya hayo matatu, halafu hata ikipona hawajui kilichoiponya ni kipi.

Na hapohapo niseme kuhusu max_execution_time, muda ambao PHP inaruhusu skripti ikimbie, maana naona kila mtu anaipandisha. Muda wa kulipokea faili hauhesabiwi humo. nginx kwa kawaida inalikusanya ombi lote kwanza kwenye diski yake ndipo inaipa PHP, na saa ya PHP inaanza kuhesabu skripti ikianza kukimbia. Ukiiweka 0 hujatibu kitu, umeruhusu tu skripti iliyokwama ikae milele.

Haya turudi kwako mkuu. Ungeweza kuzima Cloudflare kwenye hiyo domeini, ukapandisha post_max_size, na video ikapita ukiwa hapo chuoni. Sikushauri. Piga hesabu, mwalimu wako yuko nyumbani na kasi yake ya kupandisha ni Mbps 2, hiyo ni megabiti siyo megabaiti na baiti moja ni biti 8, kwahiyo MB 700 ni megabiti 5,600, gawa kwa 2 ni sekunde 2,800, karibu dakika 47. Dakika 47 mfululizo bila umeme kukatika, bila simu aliyowashia hotspoti kupigiwa, bila mtandao kuyumba. Ikikatika ya 46 anaanza sifuri na bando limeshaliwa. Mimi hilo kwa kweli linaniuma, mfumo unaomrudisha mtu sifuri umetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kununua bando la siku. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 tuliona wenyewe hapa Tanzania intaneti ilivyokuwa ikishika na kuachia, na mifumo iliyoendelea kutumika ni ile inayokubali kuendelea pale ilipoishia.

Kwahiyo likate vipande. Brauza inajua kukata, file.slice() inakupa kipande bila kulisoma faili zima kwenye RAM. Chukua vipande vya MB 5, video yako inakuwa vipande 140, kila kimoja kwa hiyo Mbps 2 ni sekunde 20 hivi. Mtandao ukikatika mtu anapoteza sekunde 20, hazidi hapo. Kila kipande kinapita chini ya MB 100 za Cloudflare, kinapita chini ya kila mizani, na post_max_size yako unaweza kuirudisha hata 8M seva ikawa salama zaidi. Mtu akirudi brauza inaiuliza seva kwanza "una mpaka wapi?", seva inajibu, kazi inaendelea.

Huna haja ya kubuni mwenyewe, kuna itifaki inaitwa tus imetengenezwa kwa kazi hii tu. Brauza inatuma ombi la HEAD la kuulizia tu, seva inajibu na Upload-Offset ambayo ni baiti ngapi imeshapokea, brauza inatuma kilichobaki kwa ombi la PATCH kuanzia hapo. Upande wa brauza kuna tus-js-client au Uppy, upande wa seva kuna tusd, zote bure. Ila usisahau mambo haya, hakikisha mtumiaji kaingia kwenye kila kipande siyo cha kwanza tu, weka ukomo wa jumla, jina la faili alilotuma mtu usilitumie kama lilivyo kwenye diski yako, na vipande vilivyotelekezwa vifutwe baada ya siku kadhaa. Lala sasa mkuu.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mie niko Unguja, mfumo wangu ushakata vipande kama unavyosema siku zote, vya MB 5, naviita part1, part2 mpaka mwisho, kisha seva inaviunga. Mafaili madogo safi. Ila yakishapita kama MB 45 hivi hayafunguki, video inacheza dakika ya mwanzo kisha inavurugika, zip inasema imeharibika. Ajabu ukubwa uko sawasawa, baiti kwa baiti, sawa na lile la asili! Kitu gani hichi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha maana umeniletea ushahidi wote mkononi. MB 45 ni vipande 9. Faili likizidi hapo linapata kipande cha 10, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu seva yako inaviunga kwa mpangilio wa majina, na kwa kompyuta inayopanga maandishi part10 inakuja mara tu baada ya part1, kabla ya part2. Kwahiyo umeunga 1, 10, 11, 12, halafu ndio 2, 3. Baiti zote zipo ndio maana ukubwa uko sawa, ila zimekaa mahali pasipo pao.

Dawa ya haraka panga kwa namba siyo kwa maandishi, au majina yawe part00001, part00002. Dawa ninayoipenda mimi ni kuacha kuunga kabisa, kila kipande kikifika seva inakiandika palepale kwenye nafasi yake ndani ya faili moja, kipande namba n kinaanza kwenye baiti (n-1) mara 5,242,880 kama MB 5 zako umezihesabu kwa 1,024. Hapo hata kipande cha 7 kikitangulia cha 3 hakuna kinachoharibika, na hutahitaji nafasi mara mbili kwenye diski wakati wa kuunga.

Halafu ukubwa kuwa sawa usiuamini tena, umeona mwenyewe. Piga SHA-256, ni kama alama ya kidole ya faili, ya lile la asili na ya lile lililofika, zifanane. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili, kwenye Windows ni certutil -hashfile jina SHA256. Zikitofautiana herufi moja tu faili siyo lenyewe.

SWALI: Salaam. Mimi si fundi, nafanya kazi kwa kampuni ndogo Mombasa na kila mwezi lazima nitume makaratasi ya tenda kwa mfumo wa ofisi fulani. Nimeskani PDF ni MB 380. Naona mstari unapanda pole pole mpaka mia kwa mia, nashukuru Mungu, halafu badala ya kuniambia imeingia inanirudisha kwa ukurasa wa kuweka nenosiri. Naingia upya, hakuna kitu. Imenifanyia hivyo mara tatu na siku nyingine inakubali tu bila shida. Deadline ni wiki ijayo, nifanyeje dadangu au kakangu?

JIBU: Pole sana dadangu, na usijilaumu maana hujakosea popote, kosa liko kwa mfumo. Ukiingia kwenye mfumo unapewa kitu kinaitwa sesheni, ni kama risiti ya getini kwamba wewe umesharuhusiwa. Risiti ina muda. Kwenye mifumo mingi ya PHP kama hakuna aliyebadilisha muda huo ni sekunde 1,440, yaani dakika 24 bila kugusa chochote. Sasa wewe faili linapanda dakika 40, kwa macho yako unafanya kazi lakini kwa mfumo umekaa kimya, kwa sababu skripti inayokagua risiti inaamka faili likishaingia lote. Inaamka, inakuta risiti ya dakika 40 zilizopita, inakufukuza. Na ile siku inakubali ni kwa sababu risiti za zamani hazifutwi pale pale zinapoisha muda, zinafagiwa kwa awamu, kuna siku ya kwako inakuwa haijafagiwa bado.

Kwa wiki ijayo fanya hivi. Ukianza kupandisha fungua mfumo huohuo kwenye tabu nyingine ya brauza ileile, na kila dakika kumi bonyeza kitu chochote huko, ukurasa wa mwanzo hata, risiti inaongezewa muda. Mara nyingi inasaidia. Tabu ya kwanza usiiguse na laptop isilale.

Lakini kinachokuumiza zaidi ni hizo MB 380. Nina hakika skana yako imewekwa rangi na dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Karatasi moja ya A4 kwa rangi na dpi 600 ni nukta 4,960 kwa 7,016, kila nukta baiti 3, hiyo ni kama MB 104 kabla haijabanwa. Karatasi hiyohiyo kwa kijivu na dpi 200 haifiki hata MB 4. Ni mara 27 tofauti, na maandishi na mihuri vyote vinasomeka vizuri kabisa. Skani upya kwa kijivu dpi 200, halafu uone, yawezekana ukatuma kwa dakika mbili tatu. Kama masharti ya tenda yanataka rangi kwa kurasa fulani, hizo peke yake ndio uziskani kwa rangi.

Na nyinyi mnaotengeneza hii mifumo, nawaomba, mstari ukiwa unapanda brauza iwe inagonga seva kila dakika chache kuiweka sesheni hai. Ni mistari mitano ya JavaScript. Mtu anakosa tenda ya kulisha familia kwa sababu ya mistari mitano.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Kahama, karibu nastaafu. Narekodi vipindi kwa simu na kuvipandisha kwenye mfumo wa shule kupitia brauza ya simu hiyohiyo. Kipindi ni dakika 40. Naacha kinapanda naenda kusoma meseji za WhatsApp, nikirudi kimesimama. Vijana wananiambia simu mbovu. Ninunue nyingine?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Usinunue, simu ni nzima. Simu ikiona umetoka kwenye brauza inailaza ili kutunza betri, na brauza ikilala na faili linalala nalo, hata skrini ikizima tu inaweza kutosha. Kwahiyo wakati wa kupandisha ondoa ile hali ya kubana betri, ongeza muda wa skrini kuzima, chomeka chaja, iache hapohapo kwenye ukurasa. Au hamisha video kwa waya kwenye kompyuta ya shule upandishie huko, ni bora zaidi.

Ila mwalimu hebu angalia na kamera inarekodi kwa ubora gani. Kwenye mipangilio ya iPhone wameandika wenyewe, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 ni kama MB 170, ya 1080p ni MB 60, ya 720p ni MB 40. Kipindi cha dakika 40 kwa 4K ni GB 6.8, kwa 720p ni GB 1.6. Simu yako hata kama ni aina nyingine mwendo ni huohuo, ukubwa unapanda kwa ubora. Kwa ubao na chaki 720p mwanafunzi anaona kila kitu, na yeye pia anakuja kuipakua kwa bando lake. Na ukiweza katisha kipindi vipande vinne vya dakika kumi kumi, kimoja kikikwama unarudia hicho tu.

SWALI: Mkuu nipo chuo Mbeya, nimedaunlodi Ubuntu ni zaidi ya GB 5, naisevu moja kwa moja kwenye flashi ya GB 32 ambayo ni tupu kabisa, ikifika GB 4 inasema diski imejaa. Imejaaje na iko tupu?? Nimechoma bando mara mbili.

JIBU: Flashi yako imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofika GB 4, hata flashi ingekuwa ya GB 500. Kama kuna kitu umeweka humo kihamishe, ifomati upya kuwa exFAT, basi.

Bando nalo tuliokoe. Mara nyingine tumia wget -c na kiungo cha faili, au curl -C - -O na kiungo, ikikatika unaandika amri ileile inaendelea ilipoishia. Inafanya hivyo kwa kuiomba seva baiti kuanzia sehemu fulani na seva inajibu 206, yaani nakupa kipande. Seva za Ubuntu zinakubali hilo. Kuna mifumo haikubali, hasa ile inayotengeneza zip papo hapo ukibonyeza kitufe, hapo seva yenyewe haijui zip itaishia na ukubwa gani kwahiyo haiwezi kukurusha katikati. Kama wewe ndio mwenye mfumo wa namna hiyo, itengeneze zip pembeni kwanza iwe faili kamili kwenye diski, umpe mtu kiungo ikishakuwa tayari, halafu nginx ndio igawe hilo faili kwa X-Accel-Redirect, ile kauli ya PHP kuiambia nginx "mpe faili hili", PHP isilibebe yenyewe. Na ukimaliza kudaunlodi linganisha SHA-256 na ile waliyoiweka Ubuntu kwenye ukurasa wao kabla hujafomati kompyuta ya mtu.

SWALI: Niaje fundi. Tuko Nairobi, watu watatu, tuna app ya wapiga picha za harusi, wateja wanapandisha video moja kwa moja kwenda S3, ile hifadhi ya mafaili ya Amazon, kwa multipart. Tukiangalia kwa baketi tunaona mafaili ya GB 400 hivi lakini bili inahesabu karibu mara mbili. Tumetafuta mafaili yaliyojificha, hakuna. Tumeibiwa akaunti ama?

JIBU: Sidhani mmeibiwa kaka, ingawa kubadilisha funguo zenu hakuna hasara. Multipart inafanya kazi hivi, mnafungua upandishaji, mnatuma vipande, mwisho mnasema nimemaliza na S3 inaviunga kuwa faili. Mteja akifunga laptop katikati ile "nimemaliza" haitumwi, lakini vipande vilivyofika vinabaki pale, havionekani kwenye orodha ya mafaili na vinalipiwa kama kitu kingine chochote. Wapiga picha za harusi na mtandao wa mtaani, nadhani kila siku kuna wanaoachia njiani.

Muone wenyewe, aws s3api list-multipart-uploads --bucket na jina la baketi yenu, mtakuta foleni ndefu na tarehe zake. Halafu wekeni kanuni ya lifecycle kwenye baketi, AbortIncompleteMultipartUpload, inayofuta upandishaji usiokamilika, siku 7. Msiweke siku 1 kwa hasira ya bili, maana mteja anayeanza kupandisha Ijumaa usiku na kumalizia Jumatatu ofisini bado ana haki ya kukuta vipande vyake.

Hapo inabidi na app yenu ikumbuke, hifadhini ile UploadId, namba ya upandishaji huo, kwenye kifaa cha mteja au kwenye databesi yenu, akirudi mwulizeni S3 kwa list-parts ni vipande gani viko tayari, mtume vilivyobaki tu. Kila kipande kisipungue MB 5 isipokuwa cha mwisho, na jumla visizidi 10,000, kwahiyo video ya GB 60 kwa vipande vya MB 5 itawagomea karibu na GB 49, ongezeni ukubwa wa kipande kulingana na faili. Na kama mnatumia viungo vilivyosainiwa, vile vinavyomruhusu mteja kupandisha kwa muda tu, vya saa moja, ombeni kipya kwa kila kipande kinapokaribia kutumwa, msivitengeneze vyote mwanzoni, vitaisha muda mteja akiwa kipande cha 200 na mtakuja kuniandikia tena mnapata 403, yaani mmekatazwa.